Nyumba ya Kupangisha Chini ya Mlima Meru: Historia Isiyoandikwa Kwenye Hati

Mwezi uliopita rafiki yangu wa tangu enzi za chuo, ambaye sasa ni ofisa wa ngazi ya kati katika utumishi wa umma, alinitumia picha tisa kwa simu. Zilionyesha nyumba ya vyumba vitatu, baraza pana linaloutazama Mlima Meru, migomba upande wa nyuma na mibuni michache iliyozeeka. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Dokta, hii ndiyo pensheni yetu." Alipendekeza tuinunue kwa ubia, tuikarabati, tuweke maji ya moto na intaneti, kisha tuipangishe kwa usiku kwa watalii. Msimu wa wageni ungetuletea fedha za kigeni, na Desemba tungeitumia wenyewe pamoja na familia zetu.

Sitajifanya kwamba wazo hilo halikunivutia. Nina miaka arobaini na sita, watoto wawili wako shule ya sekondari, na kila mhadhiri wa chuo cha umma anajua hesabu anazozifanya usiku kuhusu kustaafu. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuiona. Tuliliacha Jiji la Arusha kwa barabara ya Moshi, tukapita Tengeru, kisha tukaiacha lami na kupanda kuelekea mlimani kati ya vihamba vya Wameru.

Muuzaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye haraka. Nyumba aliijenga marehemu baba yake, na yeye alikuwa na deni la hospitali pamoja na ada ya mdogo wake. Hakuwa na hati. Alikuwa na karatasi ya mauziano tayari, ikingoja majina yetu, na mhuri wa mwenyekiti ulikwisha kugongwa. Uani tulimkuta mama yake akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Ninyi ndio wageni wa nyumba?"

Rafiki yangu akajibu kwamba sisi ndio. Mama akaendelea kumenya, kisha akauliza bila kuinua sauti: "Mkishaweka ukuta, mimi nitapita wapi kwenda mferejini? Na kaburi la mzee litakuwa la nani?"

Kijana akacheka kidogo, akasema mambo hayo yatazungumzwa. Tulipokuwa tukirudi mjini rafiki yangu alizungumza kuhusu rangi ya kuta. Mimi nilikuwa kimya. Nafundisha historia ya nchi hii kwa mwaka wa kumi na tano sasa, na nilijua kwamba maswali ya mama yule yamekwisha kuulizwa kwenye mlima huo mara nyingi, kila mara mtu anapofika na karatasi.

Ndugu msomaji, naomba tuirudie historia hiyo pamoja, kwa sababu kila anayenunua nyumba ya kupangisha wageni kando ya Arusha ananunua sehemu yake, ajue asijue.

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na tulikokwenda sisi. Walikuwa wamefika kujenga kituo juu ya ardhi ambayo wenyeji waliiona kuwa yao. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikachukuliwa. Mwaka 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Wakati huohuo wakajenga boma lao Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho na ambalo watalii hupiga picha mbele yake kabla ya kwenda mbugani.

Baada ya boma walikuja walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika kuanzia mwaka 1904 na 1905, kisha wakafuata Wajerumani. Mashamba yao yaliwekwa kwenye miteremko ya chini, kati ya vihamba vya juu na mbuga za tambarare. Kwenye ramani, mashamba hayo yanauzunguka mlima kama pete. Mwenyeji aliyetaka kushusha ng'ombe wake malishoni ilimbidi apite kwenye ardhi ya mtu mwingine. Kwa hiyo swali la "nitapita wapi" lina zaidi ya miaka mia moja kwenye mlima ule.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui. Wengi wa Wameru na Waarusha walitarajia kwamba ardhi ingerudi. Sehemu kubwa iligawiwa kwa walowezi wapya, Wagiriki wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1923 ikaja Sheria ya Ardhi iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwenyeji aliruhusiwa kuendelea kuikalia kwa mila yake, lakini mlowezi alipewa karatasi. Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti tunayoishi nayo hadi leo, kati ya anayeikalia ardhi na anayeweza kuionyesha kwa maandishi.

Tukio linalojulikana zaidi lilitokea Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima. Baada ya Vita vya Pili, tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza kupangwa upya kwa ardhi ya Arusha na Moshi, ili maeneo ya Wazungu yaungane na kuwa kitu kimoja. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wakaelekezwa Kingori, mahali walipopakataa kwa sababu ya joto na magonjwa ya watu na mifugo.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakaunda chama chao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York kulalamika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Fikiria mkulima wa kahawa wa Meru akizungumza kuhusu shamba lake mbele ya mataifa ya dunia. Shauri hilo lilifika hadi kwenye Baraza Kuu, lakini kura za kuwarudishia ardhi hazikufikia theluthi mbili zilizohitajika. Hata hivyo, Kirilo aliporudi alizunguka akiwaeleza watu yaliyotokea. Wanahistoria wengi wanaihesabu kesi hiyo miongoni mwa mambo yaliyoiandalia njia TANU, iliyozaliwa Julai 1954.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, kama ilikuwa kesi ya kabila moja, kwa nini ni historia ya taifa?" Nilimjibu kwamba Engare Nanyuki iliwafundisha Watanganyika jambo moja: asiyekuwa na mamlaka juu ya nchi yake hana uhakika wa kulala nyumbani kwake.

Mwalimu Nyerere alilielewa jambo hilo na akalipeleka mbele zaidi. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwapa Waafrika umiliki wa kudumu wa ardhi unaoweza kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kuupinga mpango huo. Hoja yake haikuhusu rangi ya mnunuzi. Alionya kwamba katika nchi ya maskini, ardhi ikifanywa kuwa bidhaa itanunuliwa na wachache wenye fedha, na wengi watageuka wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu ulifutwa.

Kisha likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya na wasome kwa makini masharti ya uongozi yaliyomo. Kiongozi hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha. Na neno "kiongozi" halikuishia kwa mawaziri na wabunge. Liliwahusu pia watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati, pamoja na wake au waume zao. Rafiki yangu angekuwa amekatazwa nyumba ile na azimio lililobeba jina la mji uleule anaotaka kuwekeza kando yake.

Kwa nini nyumba? Vijana wengi huliona sharti hilo kuwa la ajabu. Mantiki yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba na mpangaji hawalitazami jambo moja kwa jicho moja. Ofisa anayepanga ramani ya maji ya wilaya, huku akiwa na nyumba inayohitaji maji ya moto kwa wageni, ana mabwana wawili. Hahitaji kuwa mwizi. Inatosha kwamba akili yake itaanza kuona kuwa bomba linalopita kwake ndilo la maendeleo.

Sitaki kuipamba historia. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Watanzania wenye asili ya Asia, na nyumba yenye umri wa zaidi ya miaka kumi haikulipiwa fidia. Zilichukuliwa za matajiri, na zilichukuliwa pia za familia zilizokuwa zimeweka akiba ya maisha yao yote kwenye ghorofa moja. Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo hayo, hakuwa mwenye nyumba bora: kodi zilikuwa nafuu, lakini mapaa yalivuja na rangi zikababuka. Dola ilipojifanya mwenye nyumba, mpangaji hakupata nguvu zaidi. Alipata tu ofisi ya kwenda kusubiri.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza masharti yale. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Miaka ya mwanzo ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wa umma. Leo mtumishi mwenye nyumba ya kupangisha havunji sheria yoyote. Sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 inawataka inaowahusu watoe tamko la mali zao. Tulitoka kwenye kukataza tukaenda kwenye kutangaza, na sijaona mjadala wa kina wa umma kuhusu kilichopotea katikati.

Wakati huohuo mlima wenyewe ulikuwa ukigeuka bidhaa ya mandhari. Mwaka 1960 ilianzishwa Hifadhi ya Ngurdoto, iliyopanuka na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, jirani kabisa na Engare Nanyuki. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa maeneo hayo, na mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alivutiwa hata akanunua shamba Momella na kuishi hapo kwa miaka kadhaa. Baadaye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa Desemba 2015, vilileta Arusha wapangaji wenye vipato ambavyo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kushindana navyo. Mitandao ya kukodisha nyumba kwa usiku imekuja juu ya msingi huo. Zamani ilihitajika kampuni kuigeuza ardhi ya mlimani kuwa malazi ya wageni. Sasa wanatosha wahadhiri wawili wenye simu.

Rafiki yangu nilimsimulia haya yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akatoa hoja ambayo lazima niitendee haki. "Dokta," alisema, "sisi tusiponunua, atanunua mgeni kwa jina la mwenyeji. Na yule kijana ana deni la hospitali. Utamlipia kwa mhadhara?"

Ni hoja nzito. Ni kweli kwamba sheria haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa taratibu maalumu, na ni kweli kwamba wapo raia wanaokubali kuazimisha majina yao. Ni kweli pia kwamba kijana yule si mhalifu. Kihamba cha babu yake kiligawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka kikabaki kipande ambacho hakiwezi kulipa bili moja ya upasuaji. Hata hivyo, vipande vimekuwa vidogo kwa sababu pete ya mashamba ya walowezi iliwanyima vijana wa vizazi vitatu pa kuhamia. Dhiki inayomlazimisha auze ni tunda la historia ileile, na bei anayoikubali imepangwa na dhiki hiyo.

Lakini kutoka hapo hadi kwenye kauli kwamba "afadhali sisi" kuna pengo. Mama hakuuliza kama mnunuzi ni mzalendo. Aliuliza kuhusu njia na kaburi. Mlowezi wa 1951 na mhadhiri wa leo wanatofautiana kwa mengi. Huyu halindwi na askari wenye viberiti, na analipa kwa fedha taslimu. Lakini kama wote wawili wanajenga ukuta kati ya mama na mfereji, kwake yeye tofauti hiyo ina faida gani?

Sheria yetu haiko kimya. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikisikiliza malalamiko ya ardhi, na ikapendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya vijiji yawe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali, sheria za mwaka 1999 ziliiacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa raia wote. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo, iliacha milango muhimu. Ardhi ya kijiji haihamishiwi mtu wa nje kwa mhuri wa mwenyekiti peke yake. Halmashauri ya Kijiji lazima ikae na iridhie. Mila inayomnyima mwanamke haki yake kwenye ardhi haitambuliwi. Mjane ana sauti. Watumishi wa umma mnaonisoma mnayajua haya kuliko mimi, na mnajua pia ni mara ngapi mihuri hutangulia vikao.

Kwa hiyo nilimwandikia rafiki yangu masharti yangu manne. Kwanza, kikao cha familia nzima, mama na mabinti wakiwamo, na kila mmoja aweke saini. Pili, muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, wenye tarehe na mahudhurio, kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Tatu, njia ya kwenda mferejini na eneo la kaburi vipimwe na kuondolewa kwenye mauzo, viandikwe, ili hata sisi tukiuza kesho mnunuzi wetu asivifunge. Nne, yeye kama mtumishi wa umma aandike sehemu yake mahali panapostahili na kwa jina lake mwenyewe. Asitumie la shemeji.

Alinipigia siku mbili baadaye. Kijana alikuwa amekubali sharti la tatu, tena kwa furaha. Kikao cha familia ndicho kilichokwama: dada zake wawili walikuwa hawajaambiwa kwamba nyumba inauzwa. Na mnunuzi mwingine kutoka Dar es Salaam alikuwa amefika, akiwa na fedha mkononi na bila masharti. Rafiki yangu alinipa hadi Ijumaa.

Ijumaa ilipita nami sikutoa fedha. Naandika haya bila fahari. Nyumba imenunuliwa na yule mwingine, na sijui kama njia ya mama ilibaki. Inawezekana kabisa kwamba masharti yangu yalimpotezea mnunuzi ambaye angemwachia njia. Rafiki yangu ameniambia hivyo usoni, na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Mtu mmoja akijitoa sokoni, soko halishituki.

Nilichofanya baadaye ni kidogo. Nilimpigia kijana yule, nikampa nambari ya kituo cha msaada wa kisheria, nikamwomba awapatie dada zake. Alinishukuru kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa deni lake la hospitali na asiyetaka kulizungumza zaidi.

Kwa wanafunzi wangu nina ombi la kazi ya likizo ambayo haina alama. Nendeni nyumbani mkaulize kipande kimoja cha ardhi, cha kwenu au cha jirani: kilikuwa cha nani mwaka 1900, mwaka 1951, mwaka 1971, na leo? Karatasi ya kila mabadiliko iliandikwa na nani, na nani hakuitwa? Kwa wanaharakati, kabla ya kuandamana dhidi ya mwekezaji wa nje, tazameni pia orodha ya wanunuzi wa ndani. Baadhi yetu tumo humo. Na kwa watumishi wa umma, mkifikiwa na karatasi ya mauziano iliyokwisha kugongwa mhuri, ulizeni kikao kilikaa lini, na mama alikuwa ameketi wapi.